Kura ya mfuko wa kozi: namna ya kuipiga ili mfuko udumu

Kila mwaka, siku chache baada ya bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) kuingia, kwenye kundi la darasa hutokea mtu na pendekezo lilelile: "Jamani, tuwe na mfuko wa kozi." Fildi, yaani mafunzo ya nje ya darasa, inakaribia, basi halijalipiwa, printa ya idara imekufa, na watu wamechoka kuchangishwa leo elfu mbili, kesho elfu tano. Wazo ni zuri. Nimelisimamia mara mbili nikisoma akiolojia. Mara ya kwanza mfuko ulikufa ndani ya muhula mmoja. Mara ya pili nilihitimu nikauacha hai mikononi mwa wengine. Wanafunzi walikuwa karibu walewale, na umaskini wetu ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kura.

Mara ile ya kwanza tulinyoosha mikono dakika tano kabla ya kipindi, CR, yaani mwakilishi wa darasa, amesimama mbele anahesabu. Mikono ikapanda karibu yote. Ilipofika siku ya kulipa, nusu ya watu hawakulipa, na hawakusema kitu. Hapana yao ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila hatukuipa mahali pa kukaa, ikaja kujitokeza kama deni. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini nitakuwa namfikiria mtu mmoja: yule asiyeutaka mfuko huu. Mpeni nafasi ya kulisema hilo mapema, kwa siri, na kura zikishahesabiwa mpeni kazi.

Mifano yangu ni ya Tanzania. Nitatumia kozi ya mfano yenye watu 120: mwaka wa kwanza 48, wa pili 40, wa tatu 32. Mchango unaopendekezwa ni shilingi 15,000 kwa muhula.

Kwanza, jueni mzigo upi si wenu

Kabla ya kutaja shilingi yoyote, chukueni mchanganuo wa ada na maelekezo ya kujiunga, mkae nayo mezani. Someni mstari kwa mstari: chuo kimeshawatoza nini? Je, kuna fedha ya mafunzo kwa vitendo? Wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo, kipengele cha mafunzo kwa vitendo kinawahusu wangapi kati yenu? Kisha mwandikieni mkuu wa idara barua fupi yenye maswali mawili. La kwanza, ni vitu gani kati ya hivi viko kwenye bajeti ya idara mwaka huu. La pili, je, idara ina pingamizi wanafunzi wakianzisha mfuko wao. Nakala iende kwa mshauri wa wanafunzi. Ombeni jibu la maandishi, maana jibu la mdomo hubadilika.

Msiiruke hatua hii kwa haraka ya fildi. Wanafunzi wakishanunua printa ya idara mara moja, hakuna mtu ofisini atakayeiweka tena kwenye bajeti. Mtakuwa mmewarithisha wadogo zenu gharama ambayo haikuwa yao. Sheria tuliyojiwekea mara ya pili ilikuwa hii: mfuko haununui kitu ambacho chuo kinawajibika kukitoa, hata kama chuo kimechelewa. Kwa kuchelewa kuna barua, na kuna serikali ya wanafunzi.

Tazameni pia vinavyopatikana bure. Niliwahi kuona kwenye orodha ya mahitaji fedha ya kununua programu ya kuchorea ramani, wakati QGIS ni ya bure kabisa na inatosha kwa kazi zote za shahada ya kwanza nilizozifanya.

Liandikeni swali kama mkataba

Watu hupiga kura juu ya maneno yaliyo kwenye karatasi, si juu ya nia iliyo moyoni mwa CR. Swali baya ni hili: "Je, unaunga mkono maendeleo ya kozi yetu kwa kuchangia mfuko?" Nani atapinga maendeleo? Swali hilo linakusanya Ndiyo za bure ambazo hazitalipa.

Swali zuri lina kiasi, muda, kazi na masharti:

"Je, unakubali kila mwanafunzi wa kozi hii alipe shilingi 15,000 kila muhula, kwa mihula minne kuanzia muhula ujao, kwa ajili ya usafiri wa fildi na vifaa vya fildi pekee, kwa masharti yaliyo nyuma ya karatasi hii? NDIYO / HAPANA."

Muda ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mfuko usio na mwisho humtisha hata anayeupenda. Mihula minne ikiisha mfuko unakufa wenyewe, labda kura mpya iufufue. Waliokuwa mwaka wa kwanza wakati wa kura ya kwanza watakuwa mwaka wa tatu, na wataamua wakiwa wameshaona matumizi.

Kuhusu kiasi, fanyeni hesabu kwa uwezo wa aliye chini kabisa. Kwa anayepata bumu kamili la chakula na malazi, yaani 10,000 kwa siku, huo mchango ni siku moja na nusu ya maisha yake. Asiye na mkopo hana hata hiyo ya kukata. Tarehe ya kulipa iwekeni wiki moja baada ya bumu, na mruhusu kulipa kwa vipande vitatu vya elfu tano.

Masharti ya nyuma ya karatasi

Yasizidi ukurasa mmoja, kwa sababu ukurasa wa pili hausomwi. Mengine mtayapanga wenyewe, ila matatu haya yasikose.

La kwanza ni msamaha. Kuna mwenzenu anakula mlo mmoja kwa siku na hamjui. Aandike ujumbe kwa mtu mmoja tu, ambaye si mwanafunzi: mhadhiri mlezi wa kozi au ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mtu huyo awarudishie idadi pekee: "Waliosamehewa ni kumi na moja." Majina yasifike kwenye kamati wala kwenye kundi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwapo, heshima ya mtu ingetosha. Aliyesamehewa anapanda basi kama wengine na anapiga kura kama wengine.

La pili ni kutokukopesha. Fedha ikikaa wiki tatu bila kazi, atatokea mtu wa kupendekeza tuizungushe kidogo kama kikoba. Mkianza kukopesha mmeingia eneo la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo inataka vikundi vya namna hiyo visajiliwe. Na hata sheria ikiwekwa kando, deni kati ya wanadarasa huvunja makundi ya kusomea.

La tatu ndilo lililoua mfuko wetu wa kwanza, na bado linaniuma kulisema. Mwenzetu alifiwa na baba yake. Tukiwa na fedha za basi mkononi, mtu mmoja akaandika kwenye kundi: "Tutoe kwenye mfuko." Ni nani angeandika hapana chini ya ujumbe ule? Tukatoa, na tulifanya vizuri kumfariji mwenzetu. Wiki mbili baadaye msiba wa pili ukaja, tukatoa tena, maana tungempendeleaje mmoja? Siku ya fildi basi halikuwapo, na waliochangia kwa shida wakaona wamedanganywa. Kwetu msiba haukataliwi, na sitaki ukataliwe. Kwa sababu hiyohiyo, wekeni mapema daftari la rambirambi lililo tofauti, lenye mtunzaji wake, la hiari, lisilogusana na mfuko wa kozi hata kwa siku moja. Andikeni kwenye masharti kwamba kamati haina mamlaka ya kuhamisha fedha, hata kwa jambo jema. Hapo mweka hazina hatalazimika kuwa mtu mbaya siku ya msiba. Karatasi itakuwa imeshasema.

Kiwango cha ushindi

Wengi huandika "akidi ni nusu ya wanafunzi, na uamuzi ni kwa wingi wa kura." Akidi ni idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kupiga kura ili ihesabike. Ijaribuni kwa namba. Katika watu 120 wakija 61, Ndiyo 31 zinatosha. Watu 31 wamewafunga 120, karibu robo tu. Waliobaki watawajibu kwa kutolipa.

Akidi kubwa nayo ina ugonjwa wake. Mkisema lazima wapige kura 72, asiyeutaka mfuko atagundua kwamba kukaa hosteli kuna nguvu kuliko kuja kupiga Hapana. Wakija 50 wa Ndiyo na 20 wa Hapana, jumla ni 70, kura imekufa. Wangekuja wa Hapana watano zaidi, ingekuwa 50 kwa 25, na mfuko ungepita kwa theluthi mbili. Utaratibu unaomzawadia anayejificha ni utaratibu mbovu.

Dawa ni kuacha kuhesabu waliofika, mkahesabu waliokubali. Denmark, kwa katiba yake ya mwaka 1953, haibadilishi katiba mpaka wanaokubali wawe wengi kuliko wanaokataa na pia wasipungue asilimia 40 ya wapiga kura wote walioandikishwa. Uskoti mwaka 1979 ilipiga kura ya kuwa na bunge lake chini ya sharti la asilimia 40 kama hilo. Ndiyo ikapata asilimia 51.6 ya kura zilizopigwa, lakini ikawa asilimia 32.9 tu ya walioandikishwa, na bunge halikuanzishwa. Waliopenda bunge walilalamika sana, na ninawaelewa. Lakini ninyi hamjengi bunge. Mnaingia mifukoni mwa watu, na sharti gumu linawafaa.

Kwa kozi ya watu 120 ninapendekeza hivi: Ndiyo zisipungue 48, ambayo ni asilimia 40 ya wote, na zifike angalau mara mbili ya Hapana. Akidi iondoeni kabisa. Hapo kila Hapana iliyopigwa ina uzito, na kukaa hosteli hakumsaidii mtu.

Liko pia suala la mwaka wa tatu, ambalo kamati nyingi hulikwepa. Wale 32 watalipa muhula mmoja tu kisha waondoke, wakati vifaa vitabaki kwa wengine. Wa mwaka wa kwanza, 48, wanaweza peke yao kufikisha idadi na kuwatoza kaka na dada zao kwa kitu watakachofaidi wao. Wekeni masanduku matatu ya kura, moja kwa kila mwaka, na sharti la ziada: katika kila sanduku Ndiyo ziwe nyingi kuliko Hapana. Mwaka wa tatu wakikataa, mfuko uanze bila wao, nao wachangie basi la safari yao pekee. (Ikiwa mwaka mmoja una watu sita tu, msitenge sanduku lao. Mtajua nani kapiga nini.)

Karatasi, si simu

Kura ya WhatsApp ni nyepesi, na hiyo ndiyo hatari yake: ukigusa jibu, kundi zima linaona jina lako chini ya chaguo lako. Hiyo ni mikono ya kunyoosha iliyohamia kwenye simu. Fomu ya Google ina afadhali, lakini ikikusanya baruapepe mwenye fomu anajua kila mtu kapiga nini, na isipokusanya mtu mwenye akaunti tatu anaweza kupiga mara tatu. Kwa watu 120 walioko kampasi moja, karatasi zenye muhuri wa idara au saini mbili hazina mshindani. Gharama yake ni rimu moja, nayo itabaki.

Daftari la wapiga kura liombeni idarani, majina na namba za usajili, mlibandike siku saba kabla. Aliyesahaulika ajitokeze ndani ya siku hizo. Daftari likifungwa limefungwa, na ile 48 inahesabiwa kutokana nalo.

Katika siku hizo saba toeni karatasi moja yenye pande mbili: upande mmoja sababu za Ndiyo, upande wa pili sababu za Hapana, kila upande umeandikwa na wanaouamini. Msimwachie CR aandike pande zote mbili. Mara ya pili sisi tulimwomba binti mmoja aliyekuwa akipinga kwa sauti kubwa aandike upande wake. Aliandika vizuri kiasi kwamba tulibadilisha masharti mawili kabla ya kura, mojawapo likiwa lile la kulipa kwa vipande.

Siku yenyewe

Chagueni siku yenye kipindi kinachowakutanisha wengi, na muwe na saa za kutosha, tuseme saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, ili mwenye maabara asikose. Msimamizi atoke nje ya kozi. Mwanafunzi wa idara ya jirani anatosha, na hatakuwa na deni kwa mtu. Kila upande uwe na wakala mmoja. Sanduku lifunguliwe mbele ya watu kuonyesha ni tupu, kisha lifungwe. Mpiga kura aonyeshe kitambulisho, jina liwekewe tiki, achukue karatasi, aende kwenye meza ya pembeni iliyozibwa hata kwa kanga, arudi atumbukize.

Hesabuni palepale, kwa sauti, karatasi moja moja ikionyeshwa kwa mawakala wote wawili. Kura iliyoharibika amueni maana yake kabla ya kufungua: mimi hukubali alama yoyote inayoonyesha wazi nia ya mtu, na hukataa yenye jina au namba ya usajili. Tuseme zimepatikana Ndiyo 66, Hapana 27, zilizoharibika 3. Ndiyo zimevuka 48, zimevuka pia 54 ambayo ni mara mbili ya 27, na kila sanduku limekubali. Imepita. Matokeo yaandikwe kwa mkono kwenye karatasi, msimamizi na mawakala wasaini, ibandikwe kabla watu hawajaondoka. Karatasi za kura zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa siku kumi na nne, kwa ajili ya malalamiko, kisha zichomwe.

Kura ya pili: tununue nini?

Hii hupigwa baadaye, fedha zikishaonekana. Na fedha zitakazoonekana si zote. 120 mara 15,000 ni 1,800,000, lakini pangeni kwa asilimia 80, yaani watu 96 na shilingi 1,440,000. Msamaha na ucheleweshaji vimeshaingia humo. Zikizidi mtashukuru.

Msipige kura ya "chagua kimoja". Tuseme kuna mapendekezo matatu: safari ya Kilwa, safari ya Bagamoyo, na mahema. Katika kura 96 Kilwa inapata 30, Bagamoyo 28, mahema 38. Mahema yameshinda, wakati watu 58 walitaka safari na wamegawanyika tu. Waruhusuni waweke tiki kwenye kila pendekezo wanaloliafiki. Pendekezo lenye tiki nyingi lifadhiliwe kwanza, linalofuata lipate kilichobaki. Ni rahisi kuhesabu, na hakuna anayelazimika kubahatisha wengine watapiga nini.

Kila pendekezo liingie kwenye karatasi likiwa na bei ya maandishi kutoka kwa watu wawili au watatu. Anayependekeza Kilwa aseme yote: kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kilomita zipatazo 300, kurudi nyingine 300, kisha boti hadi Kilwa Kisiwani, kibali cha kuingia kwenye magofu, na angalau usiku mmoja wa kulala. Mwenye pendekezo akitaja basi pekee, basi litafika Masoko na watu watabaki ufukweni wakikitazama kisiwa ng'ambo. Nimeona safari ikikaribia kukwama hivyo kwa kukosa nauli ya boti.

Jambo moja nimejifunza kwa mji wa Porto Alegre, Brazil, ambako tangu mwaka 1989 wakazi walianza kuamua wenyewe sehemu ya bajeti ya jiji. Mzunguko wa kila mwaka ulianza kwa watawala kutoa hesabu ya yaliyotekelezwa kati ya yale yaliyoamuliwa mwaka uliopita. Nanyi anzeni hivyo. Kabla ya karatasi kugawiwa, mweka hazina asimame dakika kumi aonyeshe risiti.

Fedha zikae wapi

Zisikae kwenye laini ya simu ya mtu, hata awe mcha Mungu namna gani. Simu huibiwa, mtu huugua, namba hufungwa. Fungueni akaunti ya kikundi benki. Wataulizia katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na barua ya utambulisho kutoka chuoni, na ule ukurasa wenu wa masharti pamoja na matokeo yaliyosainiwa vitakuwa vimeshafanya nusu ya kazi. Wawekeni watia saini watatu, mmoja kwa kila mwaka, na kila utoaji uhitaji saini mbili. Mkiweka watatu wote wa mwaka wa tatu, akaunti itahitimu nao.

Mwenye kulipa kwa simu aongeze makato. Lisemeni mapema, vinginevyo 15,000 itafika pungufu na mtagombana kwa shilingi mia tano.

Mkaguzi mtafuteni miongoni mwa waliopiga Hapana. Kura ni ya siri, kwa hiyo hamtamtaja mtu. Tangazeni tu kwamba nafasi ya mkaguzi ni ya aliyekataa na yuko tayari kujitaja. Kwetu alijitokeza yule binti. Kila Ijumaa alipiga picha ya ukurasa mmoja wa daftari na kuituma kwenye kundi: salio la mwanzo, yaliyoingia, yaliyotoka, salio la mwisho. Mwezi wa pili kulikuwa na tofauti ya shilingi 4,000, risiti ya kopi iliyopotea. Aliiandika hivyohivyo, wazi, bila kumtukana mtu. Wiki ile walilipa watu wengi kuliko wiki yoyote iliyotangulia.

Asiyelipa

Mpigieni simu kabla ya kumwandika. Mara nyingi ni mtu wa msamaha anayeona aibu, mwelekezeni kwa mlezi. Aliye na uwezo na amekataa, msimnyime kitu chochote kilicho sehemu ya kozi yenyewe: fildi inayotolewa maksi ni haki yake, na hakuna kamati ya wanafunzi yenye mamlaka juu ya maksi za mtu. Mnachoweza kumwambia ni kwamba basi la mfuko limelipwa na waliochangia, naye alipe nauli yake kamili ya safari hiyo. Majina ya wadaiwa yasibandikwe ukutani wala kwenye kundi.

Mwisho wa mihula minne

Andikeni tangu siku ya kwanza kitakachotokea kura ya kuufufua ikishindwa. Fedha iliyobaki imalizie pendekezo lililokuwa la pili kwenye kura ya mwisho. Vifaa, yaani mahema, futi kamba, machekeche, miiko na brashi, viorodheshwe kimoja kimoja na kukabidhiwa idarani kwa karatasi yenye saini ya anayetoa na anayepokea, nakala tatu. Kila kifaa kiwe kimeandikwa kwa rangi isiyofutika jina la kozi na mwaka kilionunuliwa. Kwenye mahema andikeni ndani ya mlango. Rangi ya nje huliwa na jua la fildi mbili tu.